Nilivyompata raki wa pili kwenye uwanja wa kikapu

Katika mpira wa Australia, timu isiyo na raki wa akiba, yaani yule mrefu anayeruka kuugombea mpira refa anapourusha juu, huumbuka robo ya nne. Robo tatu za mwanzo raki wetu alikuwa akiruka vizuri, anawapigia viungo wetu mpira, tuko mbele. Ikifika robo ya mwisho miguu imekwisha, wapinzani wanamwingiza raki wao wa pili mwenye pumzi zake zote, kila mpira unaorushwa unawaangukia wao na mechi inageuka. Hapa Mildura, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Victoria, klabu yetu ilipoteza mechi kadhaa za msimu mmoja kwa namna hiyohiyo, ndipo kamati ikanipa kazi ya kutafuta mtu. Wakati huo nilikuwa msaidizi wa kocha wa timu ya pili.

Kwa ambaye hajauona mpira wa Australia: kila upande una watu 18, mpira una umbo la yai, uwanja ni mduara uliorefuka, na kila mwisho una milingoti minne. Ukiupiga kwa mguu ukapita kati ya miwili mirefu ni pointi sita, ukipita pembeni yake ni pointi moja. Hakuna kuotea. Baada ya kila goli mpira unarudi katikati, refa anaurusha juu, na warefu wawili wanaruka kuugombea ili waushushe kwa wenzao. Hao ndio maraki. Mpira ukikwama chini ya rundo la watu, wanaruka tena. Ukitoka nje, mara nyingi mwamuzi wa pembeni anaurudisha kwa kuurusha juu ya kichwa chake akiwa ameupa uwanja mgongo, na maraki wanaugombea tena. Raki anapaswa kuwahi karibu kila sehemu hizo, na uwanja wenyewe urefu wake ni kati ya mita 135 na 185. Hapo ndipo pumzi zinapoishia.

Wazo la kwanza kwenye kikao lilikuwa kununua: tumlete mtu kutoka Adelaide, karibu kilomita 400, au Melbourne, zaidi ya 500, awe anakuja Jumamosi na kurudi. Sikulipenda. Ligi za jamii za Victoria zina hesabu ya pointi kwa kila mchezaji. Aliyetoka ligi ya juu hubeba nyingi, na jumla ya timu ina kikomo. Ukizimaliza kwa mtu wa benchi, umejinyima kiungo. Zaidi ya hapo, mtu mwenye uwezo hawezi kuendesha gari kilomita 400 aje kukaa na koti begani akisubiri mwenzake achoke. Nafasi ya akiba pekee haimvuti mtu wala haimshikilii.

Kwa hiyo kabla sijamtafuta mtu nilimfuata kocha mkuu, tukakaa kuitafuta kazi ya mtu huyo. Tukakubaliana hivi: raki wa pili ataanza kama mshambuliaji karibu na goli letu, na mipira ya kugombewa eneo hilo yote itakuwa yake, ili raki wa kwanza asilazimike kukimbia mpaka huko kila mara. Ndani ya kila robo ataingia katikati kwa dakika kadhaa, mkubwa apumzike. Akiwa bado anajifunza, atacheza timu ya pili, raki wa kuanza, mechi nzima. Kila Jumamosi awe na jezi. Nilimwambia kocha wazi kwamba bila ahadi hiyo sitamfuata kijana wa mtu yeyote, naye akaitoa mbele ya kamati.

Kisha nikaenda ninakokujua. Mildura ina familia nyingi za Wakongo na Warundi, nyingi zikiwa zimepitia kambi za Kigoma, kama mimi niliyekulia Nyarugusu. Tunafanya kazi za mashambani: zabibu kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne, machungwa majira ya baridi, na lozi. Vijana wetu wanacheza soka na kikapu. Mpira wa Australia unawapita mlangoni kwa sababu nyumbani hakuna anayeujua, na klabu hazijui hodi ya kupiga. Jambo hili limeniuma miaka mingi, kwa kuwa mimi mwenyewe niliingia kwa bahati tu, baada ya mwenzangu wa kazini kunichukua mazoezini.

Kwenye uwanja wa kikapu sikuwa naangalia nani anafunga. Nilikuwa naangalia nani anaruka mara ya pili. Mrefu yeyote anaweza kuruka mara moja. Anayekosa mpira, akatua, akaruka tena kabla wenzake hawajainua macho, huyo ndiye raki. Urefu wenyewe una daraja zake. Kule juu AFL, ligi kuu ya taifa, Max Gawn wa Melbourne ana zaidi ya mita mbili, lakini katika ligi yetu ya Sunraysia mwenye mita 1.90 na kitu anatosha. Nilitazama pia nani akipigwa kiwiko hanuni.

Wawili walinivutia. Yule mrefu zaidi ni Msabato, na mechi zetu ni Jumamosi. Aliniambia kwa heshima kwamba siku hiyo si yake kuitoa. Nilimshukuru, na kamati ilipouliza kama anaweza kubembelezwa, nilisema hapana, mambo yaishie hapo.

Wa pili alikuwa na mita 1.96, kibarua wa mashamba ya machungwa, mzaliwa wa kambini. Nilimsubiri nje baada ya mechi.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Umewahi kucheza mpira wa Australia?”

“Ule? Hata sheria zake sizijui.”

“Sheria utafundishwa. Kuruka tayari unajua.”

Alifikiri kidogo, akasema, “Mimi nataka, kaka. Lakini ni mama.”

Basi Jumapili baada ya ibada nilikwenda nyumbani kwao pamoja na mke wangu. Mama alituwekea ugali na sombe, tukala, tukaulizana habari za ndugu walioko Uvira, na hapo tu ndipo nikasema kilichotuleta. Aliweka kikombe chini.

“Baba, ule mpira nimeuona kwenye televisheni. Wanarukiana magoti. Mnataka kunivunjia mtoto?”

Swali lake lilikuwa la haki na nilikwenda nikiwa na jibu. Zamani maraki walikuwa wakitoka mbali, wanakimbiliana katikati kwa kasi, goti kwa goti, na mshipa wa nyuma ya goti ulikuwa unakatika mara kwa mara. Mwaka 2005 AFL ikachora duara la nje la kipenyo cha mita 10, maraki wakatakiwa kuanzia ndani yake, kila mmoja upande wake, ili mbio zile ziwe fupi. Kuhusu kichwa, nikamweleza kwamba mchezaji wa ligi za jamii akipata mtikisiko wa ubongo harudi kwenye mechi kabla ya siku 21, hata kocha akimtaka namna gani. Sikumwambia kwamba hakuna kuumia. Nilimwambia pia habari za Aliir Aliir, aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, mwaka 1994, akafika AFL, na mwaka 2021 akachaguliwa katika kikosi bora cha Australia nzima. Jina la Kakuma lilimgusa. Alinyamaza, kisha akauliza lile ambalo hakuna mtu wa kamati aliyekuwa amelifikiria:

“Akivunjika mkono, nani atalipa kodi ya nyumba hii?”

Kibarua wa shamba hapa hana likizo ya ugonjwa yenye malipo. Asipochuma, halipwi. Bima ya kawaida ya klabu inasaidia matibabu fulani, lakini mshahara uliopotea haiugusi mpaka klabu iongeze kipengele cha kipato na kukilipia. Niliondoka bila kumjibu mama, nikaenda kwenye kamati, nikasema kama tunataka vijana wa mashambani tulipie kipengele hicho kwa wote, wa Kongo na wa hapahapa, maana hata wenyeji wengi wanafanya vibarua. Kulikuwa na mabishano. Mwishowe mweka hazina mwenyewe, mama mmoja ambaye wanawe wanacheza kwetu, ndiye aliyesimama nami na ikapita. Nilirudi na karatasi ya bima, nikamsomea mama yake kijana mstari kwa mstari kwa Kiswahili, pamoja na mahali panaposema malipo yana kikomo. Akasema, “Sawa, baba. Lakini usiku wewe ndiye utakayemrudisha.” Nami nimemrudisha.

Viatu vilikuwa shughuli. Mguu wake ni namba 14 na mjini hapakuwa na njumu za saizi hiyo. Mazoezi ya mwanzo aliyafanya kwa raba za kikapu mpaka zilipofika kutoka Melbourne.

Kilichohitaji kazi hasa ni kuruka. Mcheza kikapu anaruka kwa miguu miwili, wima, mkono juu, mwili wote wazi. Raki akiruka hivyo, mwenzake anakuja na goti na kumpindua hewani. Tulianza na hatua: mbili fupi, ya tatu ndefu, unajisukuma kwa mguu mmoja, goti la pili linapanda mbele kukulinda, mkono wa mbali na mpinzani ndio unaofikia mpira. Raki wetu mkubwa, mkulima wa lozi aliyetimiza miaka 34, alishika gunia la mazoezi kifuani na kumwambia apande juu yake. Mara za kwanza kijana alikuwa anakwepa gunia na kuuwahi mpira pembeni. Mkulima akamsogelea, akamgonga begani taratibu na kumwambia: “Mimi nipo hapa. Nitumie kama ngazi.” Baada ya hapo alianza kupanda kweli, na sauti ya goti kwenye gunia ikabadilika, ukiisikia hata ukiwa umegeuka unajua sasa anaruka kama raki.

Nilikuwa na wasiwasi kwamba mkubwa angemwonea wivu. Ikawa kinyume. Mtu wa miaka 34 anayeamka alfajiri kushughulikia mitambo ya maji shambani alikuwa anamhitaji mwenzake kuliko sisi sote tulivyomhitaji.

Mipira ya pembeni ilimjia upesi. Pale hakuna mbio. Mnasimama mmegusana, mnapigania nafasi kwa nyonga na mkono wa mbele, na huruhusiwi kumsukuma mtu mgongoni wala kumzuia huku macho yako hayapo kwenye mpira. Ni kazi ileile ya chini ya kikapu, ya kumziba mtu kabla mpira haujarudi kutoka kwenye ringi, na hapo alitushinda wote tangu siku ya kwanza. Mkono nao ulikuwa laini. Hakuwa anaupiga mpira ngumi ufike popote. Aliugusa kwa vidole ukamwangukia kiungo kifuani akiwa anakimbia.

Kurusha ndiko kulikomsumbua. Katika mchezo huu, ukitoa pasi ya mkono lazima uushike mpira kwenye kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. Akibanwa, mikono yake ilikuwa inarudi kwenye kikapu, anarusha, refa anapuliza, frikiki. Mechi zake za mwanzo timu ya pili alitoa frikiki nyingi za aina hiyo, na kocha alitimiza ahadi: hakumtoa. Kupiga kwa mguu tuliendelea nako polepole. Niliwakumbusha waliokosa subira kuhusu Mason Cox, Mmarekani wa sentimita 211 aliyetoka kikapu cha Chuo Kikuu cha Oklahoma State bila kuujua mpira huu. Alianza kuichezea klabu ya Collingwood mwaka 2016 siku ya Anzac, sikukuu ya kuwakumbuka wanajeshi, akafunga goli kwa shuti lake la kwanza, na mwaka 2023 akatwaa ubingwa. Mike Pyke, raki wa Sydney katika ubingwa wa 2012, alikuwa mcheza raga wa Kanada. Njia hii watu wameshaipitia, si ndoto yetu ya Mildura.

Alipanda timu ya kwanza katikati ya majira ya baridi, ugenini Wentworth, ng’ambo ya mto Murray ambako Darling unaungana nao. Uwanja ulikuwa na tope, mpira mzito. Robo ya tatu mkulima alitoka akiwa ameshika mapaja, kijana akaingia katikati, akanyanyua mkono refa amwone. Mpira wa kwanza alishindwa. Wa pili alishindwa vilevile, lakini alitua na kuruka tena, akaugusa ukiwa bado hewani, na kiungo wetu mdogo akaondoka nao mpaka goli. Robo ya nne mkulima alirudi akiwa amepumzika, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu tulikuwa sisi tunaowakimbiza watu dakika za mwisho. Mama yake kijana alikuwepo, amesimama karibu na kantini akiwa amejifunika kitenge juu ya koti, anamuuliza mke wangu kila refa anapopuliza ni kosa la nani.

Msimu uliofuata alijiandikisha tena. Msimamizi wake wa shambani amekubali kumpangia zamu za Jumapili badala ya Jumamosi kipindi cha machungwa, jambo ambalo niliomba kwa niaba yake nikiwa na ratiba ya mechi mkononi. Alhamisi jioni tuna nusu saa ya maraki pekee kabla ya mazoezi ya wote, mkulima ndiye mwalimu, na wenzake wawili wa kikapu wameanza kuja na raba zao. Mmoja ni wa familia ya Warundi iliyohamia Red Cliffs. Wazazi wake bado sijawaona. Tumepanga kwenda Jumapili hii, na karatasi ya bima nimeshaitoa nakala.