Pea ya Kwanza Haiingii Tena

Jumapili, Dodoma. Upepo umebeba vumbi tangu asubuhi. Nimefunga madirisha na kukaa kitandani na boksi langu la alaina, yale magamba ya plastiki yanayovikwa juu ya meno ili kuyanyoosha. Zimo pea 24, za juu na za chini, kila pea na kifuko chake chenye namba. Nimezimwaga zote juu ya shuka nikazipanga mstari. Plastiki yake ni nyembamba na inapitisha mwanga, na zikilala hivyo zinafanana na magamba ya nyoka tuliyokuwa tukiyaokota porini utotoni. Nimechukua namba 1 nikajaribu kuivaa. Haiingii. Inagota kwenye meno mawili ya chini mbele, yale yale yaliyokuwa yamepandana tangu nikiwa darasa la nne. Nimeisukuma kwa kidole, imegoma, nikaiweka chini nikalia.

Kwa miezi kumi na moja nimejitazama kwenye kioo kila asubuhi bila kuona tofauti, kama mzazi asivyoona mtoto wake anavyorefuka. Leo nimeona. Mdomo ambao ile plastiki ilitengenezewa haupo tena.

Wengi mmeniuliza inakuwaje plastiki laini ihamishe jino. Nitaeleza kama daktari alivyonieleza. Kwanza walipiga picha za mionzi, wakatazama mizizi, mfupa na fizi. Jino lililotoboka likazibwa, na fizi zikasafishwa kabla ya kingine chochote, kwa sababu meno hayasogezwi kwenye fizi zinazoumwa. Kisha wakanipitishia skana ndogo mdomoni, na kompyuta ikaigawa safari nzima katika hatua. Kila pea inatofautiana kidogo sana na iliyotangulia. Jino husogezwa kama robo ya milimita kwa pea moja. Ukifanya hesabu, hata jino ambalo lingesogea kwa kila pea katika pea zangu zote 24 lingefika milimita 6 tu, na punje ya hindi ni pana kuliko hapo. Lakini mdomoni milimita mbili ni jambo kubwa.

Kinachofanya kazi hasa ni mfupa. Plastiki ikilibana jino upande mmoja, chembe hai za mwili humega mfupa upande ule jino linakoelekea, na chembe nyingine hujenga mfupa mpya nyuma yake. Ndiyo maana haiharakishwi, na ndiyo maana alaina zinavaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku. Mwenye kuvaa usiku peke yake, jino linasogea kidogo usiku na kurudi mchana, na fedha inapotea.

Kuhusu fedha nisiwafiche: ilikuwa nyingi kwa mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi. Nilipokea mchezo wa kuchangiana fedha wa walimu wenzangu mara mbili, nikaongeza na akiba yangu. Nilikwenda kutibiwa Dar es Salaam, na treni ya SGR iliyoanza kufika kwetu mwaka 2024 ndiyo iliyowezesha. Kwa basi nisingeweza kwenda na kurudi kila baada ya wiki sita.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu darasani. Nafundisha darasa la kwanza, na tulikuwa tumefika herufi s. Sa, se, si, so, su. Ulimi ulikuwa haujazoea plastiki, na kila silabi ilitoka na upepo. Watoto, Mungu awabariki, waliifuata vile vile nilivyoitamka. Ilibidi nivue, nioshe mikono, turudie upya. Baada ya siku tano ulimi ulipata njia yake.

Chakula nacho kilinibadilisha. Kila ukila unavua, ukimaliza unapiga mswaki, unavaa. Karanga za kutafuna njiani ziliisha, ubuyu wa rangi uliisha, na chai ya moto huinywi ukiwa umevaa, kwa sababu joto linaikunja plastiki na majani yanaiachia rangi. Pea namba 9 niliifunga kwenye tishu pale kwa mama ntilie, nikaondoka bila kukumbuka. Niliporudi meza ilikuwa imeshafutwa. Daktari aliniambia nirudi kuvaa namba 8 mpaka nyingine itengenezwe. Tangu siku hiyo kikopo chake hakitoki mkobani.

Nimefika kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike.

Meno yangu ni ya kahawia. Nimezaliwa kijijini upande wa Manyoni, mkoani Singida, na tulikunywa maji ya kisima. Wanaotoka Singida, Arusha, Manyara na Kilimanjaro wanajua ninachosema: sehemu nyingi za huko maji ya ardhini yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yenye floraidi nyingi wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi, yanaota na madoa, meupe kama chokaa au kahawia kama kutu. Akishavuka umri wa miaka minane hivi, meno ya mbele yamekwisha kujengeka, maji hayo hayayabadilishi rangi tena. Mdogo wangu wa mwisho amezaliwa baada ya sisi kuhamia mjini, na meno yake ni meupe. Baba mmoja, mama mmoja, visima viwili.

Kijijini sikuwahi kujua kwamba nina meno mabaya. Wote tulikuwa nayo, tulicheka vinywa wazi. Nilijua nilipokwenda bweni mkoa mwingine. Msichana mmoja aliniuliza mbele ya wenzake kwa nini sipigi mswaki. Nilipiga mswaki mara tatu siku ile. Baadaye nilisugua kwa mkaa, nikasugua kwa majivu, mpaka fizi zikatoa damu. Nakuombeni mnaosoma hili, msimfanyie mtoto hivyo. Doa hilo limo ndani ya jino, limejengwa nalo, na kulisugua kunaharibu jino bila kulitoa doa. Kuanzia mwaka ule mkono wangu wa kushoto ulijifunza kupanda mdomoni kila nikicheka. Picha zangu za mahafali zote nimefumba mdomo.

Kliniki ya kwanza niliyoingia iliniambia alaina zitanipa meno yaliyonyooka na meupe. Niliamini, nikaanza kuhesabu siku. Ni daktari wa pili, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliyenikalisha na kunieleza ukweli kabla hajachukua hata shilingi. “Mwalimu, hizi zinahamisha meno. Hazigusi rangi. Ukinyooka, hiyo rangi itaonekana vizuri zaidi, kwa sababu utacheka.” Nilirudi Dodoma nikakaa na neno hilo wiki tatu. Kisha nikampigia nikamwambia tuanze.

Alikuwa sahihi hata katika mambo madogo. Alaina zinahitaji vibonye vya rangi ya jino vinavyogundishwa juu ya meno ili plastiki ipate pa kushika. Kwenye meno yenye floraidi gundi haishiki vizuri, na vyangu vilidondoka mara mbili. Hakunilaumu. Alivirudishia taratibu, akatumia muda mrefu zaidi kuandaa jino.

Kuna swali moja aliloniuliza ambalo kompyuta isingeuliza. Nina mwanya katikati ya meno ya juu, mwanya wa mama yangu. Kwenye mpango uliotoka kwenye kompyuta ulikuwa umezibwa, meno yamekutana kama ukuta. Akanionyesha kwenye skrini, akasema, “Huu unautaka uzibwe?” Nikashtuka kana kwamba mtu ameshika mkufu wangu. Kwetu mwanya ni uzuri, watu wanausifia harusini. Nikamwambia hapana, uacheni. Akaandika, mpango ukapangwa upya. Najiuliza ni wangapi wamezibiwa mianya yao kwa kuwa hakuna aliyewauliza.

Kwa hiyo tabasamu langu la leo ni hili: meno ya chini yamekaa mstari mmoja, chonge la juu lililokuwa limejitokeza limerudi kwa wenzake, mwanya upo, rangi ni ile ile. Uso umebadilika kuliko nilivyotegemea. Mdomo wa juu umetulia, haujikazi tena kuficha lile chonge. Uji hauji kukwama tena kati ya meno ya chini, na mswaki unafika nilikokuwa siufikishi. Ya rangi daktari amenitajia njia kadhaa, zipo za kusugua juu kidogo kwa dawa na zipo za kufunika jino. Sijaamua, na sina haraka.

Sasa ni ritena, kifaa cha kuyashika meno yabaki yalipo, mchana na usiku kwa miezi ya mwanzo, kisha usiku tu. Meno yana kawaida ya kurudi yalikotoka. Nimesoma kwamba Zia Chishti, mmoja wa walioanzisha kampuni ya Align Technology huko Marekani mwaka 1997, aliipata fikra ya alaina kutoka kwenye ritena yake mwenyewe: alipoacha kuivaa meno yalihama, alipoivaa tena yakarudi. Namwelewa kabisa. Juzi nimeisahau nusu siku, na kuivaa tena kulibana.

Jumamosi iliyopita nilipanda basi kwenda kijijini kwa bibi. Bibi hana meno mawili ya chini mbele. Yaling'olewa akiwa msichana mdogo, kwa makusudi, kama ilivyokuwa desturi ya Wagogo wa enzi zake. Nilimkuta amekaa mlangoni.

“Mbukwenyi, bibi.”

“Mbukwa. Njoo nione hayo meno yaliyokula fedha.”

Akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga, akanifunua mdomo kwa dole gumba kama anavyomkagua mbuzi anayetaka kujua umri wake. Mkono wangu ulipanda wenyewe kujifunika. Akaushusha, akaendelea kutazama.

“Yamekaa,” akasema. “Mwanya umeuacha.”

“Nimeuacha, bibi.”

“Na rangi ya kisima chetu ipo.”

“Ipo.”

Akanyamaza kidogo, kidole bado kiko juu ya jino. “Mimi nilipong'olewa nililia siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kucheza ngoma, nikacheka ili waone.” Kisha akauliza kama sasa naruhusiwa kunywa uji wa uwele ukiwa wa moto. Nikamwambia naruhusiwa, nikivua hii. Akajiegemeza kwenye fimbo, akainuka kwenda kukoka moto.