Namna Nilivyoirudishia Shabaha Bunduki ya Kambi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mtunzaji wa silaha katika kambi ya uwindaji wa kitalii wilayani Liwale, mkoani Lindi, chini ya mwindaji bingwa mwenye leseni. Bunduki niliyoipenda kuliko zote ni ya kambi, inayotumia risasi aina ya .30-06, yenye kitako cha mbao, na hiyo ndiyo iliyonisumbua: kila msimu ulipofunguliwa mwezi Julai, risasi zake zilitawanyika kwenye karatasi ya shabaha, ilhali mpigaji alikuwa yuleyule, mfuko wa mchanga wa kuegemea uleule, na umbali uleule wa mita 100.

Aliyenifumbua macho ni mgeni kutoka Marekani, aliyekuja na bunduki ya .280 Ackley Improved. Risasi hiyo ilianza kama waildikati, yaani risasi iliyobuniwa na fundi binafsi kwa kubadili umbo la ganda la kiwandani, yaani kopo la shaba linalobeba baruti na kichwa cha risasi. Aliniwekea kiganjani maganda mawili. La kwanza, la .280 Remington ya mwaka 1957, lilikuwa na bega linaloteremka taratibu kuelekea shingoni. La pili lilinyooka zaidi ubavuni na bega lake lilisimama kwa nyuzi 40, kiasi kwamba kidole kikipita juu yake kinakwama. Kumbe ni ganda lilelile: risasi ya kiwandani hupigwa ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, iliyochongwa kwa umbo jipya, na nguvu ya baruti hulitanua ganda hadi likaikumbatia chemba hiyo. Nilifurahi zaidi aliponieleza kwamba .280 yenyewe imetokana na .30-06 ya mwaka 1906, risasi ya bunduki yetu.

Nilimuuliza kama umbo hilo ndilo linaloleta shabaha. Akanijibu kwamba faida yake ya kwanza ni nafasi ya baruti, na kwa hiyo mwendo wa risasi; shabaha hutokana na mtutu mzuri na kila kitu kujirudia sawasawa, yaani ganda likae vilevile, kichwa cha risasi kiingie katikati ya mtutu, na mtutu utetemeke kwa namna ileile kila unapopigwa. Hilo la mtutu kutetemeka lilinikaa moyoni, kwa kuwa lilikuwa ndani ya uwezo wangu.

Jioni hiyo, baada ya kuhakikisha chemba ni tupu, nilichukua noti ya shilingi elfu moja na kujaribu kuipitisha kati ya mtutu na mbao. Upande wa kushoto iliteleza vizuri. Upande wa kulia haikuingia hata ncha. Mbao ilikuwa imevimba kwa unyevu wa masika na kuusukuma mtutu upande mmoja, na mtutu ulipopata joto msukumo huo ulibadilika, risasi nazo zikahama. Kwa idhini ya mwindaji bingwa nilizungushia msasa kwenye kijiti cha mviringo, nikapunguza mbao kidogo kidogo hadi noti ikateleza mpaka karibu na chemba, kisha nikapaka vanishi kwa ndani, mahali ambapo mbao ilikuwa imeachwa wazi. Skrubu za kitako na za darubini nilizikaza upya, mabaki ya shaba mtutuni nikayasafisha, na tukachagua risasi zenye namba ileile ya toleo kwenye boksi.

Tulipiga polepole, tukiuacha mtutu upoe kati ya risasi na risasi. Matundu matatu yakafunikwa na kizibo kimoja cha soda, jambo ambalo bunduki hiyo haikuwahi kulifanya mikononi mwetu, na hata baada ya masika yaliyofuata darubini haikuhitaji kuguswa.

Bunduki yetu nyingine, ya risasi aina ya .375 H&H, sikuipitishia msasa. Wapo watengenezaji wanaoacha kwa makusudi mgandamizo kwenye ncha ya mbao ili kuutuliza mtutu, na kwa kuwa risasi zake zilikuwa zikikaa pamoja, niliishia kukaza skrubu zake tu.