Hamu ya vitumbua vya Kariakoo

Leo nimeshinda na hamu ya vitumbua. Si hivi vinavyotembezwa kwenye ndoo, vimeshapoa na kunywea. Nataka vya mchele uliolowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui zito na hiliki, ukaachwa uumuke hadi utoe mapovu. Vinachomwa kwenye chuma juu ya mkaa. Kingo zikishakauka, mpishi anakichokoa kitumbua kwa kijiti, anakipindua, na mafuta yanalia upya. Nje kikavu, ndani laini, mbaazi za nazi pembeni.

Nimevitafuta Mtaa wa Likoma, nikapita Narung'ombe, nikatokea Sikukuu. Sikupata.

Pale tuliponunua utotoni palikuwa na nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele. Uani ndiko mchele ulikolowekwa na nazi kukunwa. Barazani jiko liliwashwa watu wakitoka kuswali alfajiri, na bibi aliyepika hakudaiwa kodi ya kukaa pale, palikuwa kwao. Sasa ni ghorofa. Chini yote ni fremu za simu, viatu na mashuka, na kodi ya fremu Kariakoo haitoki kwenye vitumbua hata ukeshe unapika.

Kuna wanaosema mabinti wa siku hizi hawajui kupika. Hilo silikubali. Wajuzi wapo, wengi wamehamia Mbagala na Chanika baada ya familia kuuza viwanja, tena wengine wana vyuma vile vile walivyorithi kwa mama zao. Kilichobomolewa hapa ni uani na baraza, na bila hivyo viwili vitumbua vya alfajiri havina pa kupikiwa.

Soko kuu lilipoungua Julai 2021 nchi nzima ilisikitika, na ilistahili: ni kazi ya Beda Amuli, msanifu wetu, na lilikuwa likihudumia jiji tangu 1975. Lakini nyumba zilizolizunguka zilivunjwa moja moja, mwaka hadi mwaka, na sikusikia aliyezililia. Zimeniuma mimi kuliko soko.

Nawaomba wanaojenga sasa, na wanaowapa vibali: mbele ya ghorofa acheni baraza, pana kiasi cha mama mmoja, jiko lake na benchi la wateja.