Siku Moja Maishani Mwangu: Jeni Yenye Pacha

Saa 2 asubuhi. Begi bado liko mgongoni, nawasha skrini kuangalia kazi ya kuchambua DNA niliyoiachia seva usiku. Imekufa saa 9 usiku: diski imejaa. Hili ni kundi la pili la sampuli 40 za DNA ya binadamu. La kwanza lilikamilika wiki iliyopita. Jenomu moja, yaani DNA yote ya mtu, ina herufi kama bilioni 3, na kila sehemu huwa tunaisoma takriban mara 30, kwa vipande vya herufi 150. Mafaili ya mtu mmoja tu ni makumi ya gigabaiti. Nafuta mafaili ya muda, naianzisha tena. Nashukuru hati yangu ya maagizo kwa kompyuta inajua kuruka hatua zilizokwisha. Zamani ningeanza upya kabisa.

Saa 3 na nusu. Mwenzangu wa maabara amenitumia jedwali la zamani. Jeni SEPT2 imegeuka kuwa tarehe 2 Septemba, kazi ya programu ya majedwali inayojifanya inajua kuliko sisi. Tatizo hili lilisumbua hadi mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ikatangaza kwamba imebadilisha majina yenyewe: SEPT2 sasa ni SEPTIN2. Sayansi ilisalimu amri. Narekebisha kwa mkono huku nanung'unika.

Saa 5. Kikao. Katika kundi la kwanza, watu 6 kati ya 40 wameonekana na badiliko kwenye jeni ya GBA1. Si jambo dogo: anayerithi nakala mbovu kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa wa Gaucher, na mwenye nakala mbovu moja tu huwa katika hatari zaidi ya kupata Parkinson, ugonjwa wa ubongo. Mkuu wa mradi ameshaanza kuandika muhtasari. Naomba nipewe hadi jioni niyaone mabadiliko hayo kwa macho yangu. 6 kati ya 40 ni wengi mno.

Saa 6 hadi saa 9. Hapa ndipo siku ilipoishia. Nafungua IGV, programu inayoonyesha vipande vilivyopangwa juu ya jenomu rejea, ile ya kulinganishia, tabaka kwa tabaka, kama matofali. Sampuli ya kwanza: vipande 31 vimepita mahali hapo. Rejea ina A. Vipande 7 vina G. Mtu aliyerithi badiliko kwa mzazi mmoja anatarajiwa kuwa nalo karibu nusu kwa nusu, na 7 kati ya 31 ni haba. Halafu naona hivyo 7 vimechorwa vyeupe, vitupu. Maana yake alama ya upangaji, yaani uhakika wa mahali pa kipande, ni 0: BWA, programu inayotafutia kila kipande mahali pake, imekuta kipande kinakaa sawasawa sehemu mbili, ikabahatisha.

Sehemu ya pili naijua. Jirani na GBA1, kwenye kromosomu 1 hiyohiyo, kuna GBAP1, jeni bandia, nakala isiyofanya kazi, inayofanana nayo karibu herufi kwa herufi. Na mahali hapo hasa, pacha huyo ana G kwa kawaida yake. Vipande vya pacha vimetua nyumbani kwa ndugu yake.

Lakini vipande vya alama 0 vinapaswa kuchujwa mapema. Narudi kwenye hati yangu. Kichujio nilikizima mwenyewe nilipokuwa najaribu kitu kingine, sikukirudisha. Nilikaa kimya dakika kadhaa.

Narudisha kichujio, narudia jeni hiyo peke yake. Watano wanatoweka. Sampuli ya 23 inabaki: vipande 14 kati ya 29, na vingi vina alama 60, ya juu kabisa ambayo BWA hutoa.

Saa 10. Namweleza mkuu wa mradi, kosa langu likitangulia. Anauliza, "Kwa hiyo huyo mmoja ni wa kweli?" Namwambia bado. Maabara watanakili GBA1 kwa viasilia, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili, visivyoshika pacha wake, kisha waisome kwa Sanger, mbinu nyingine ya kusoma DNA. Muhtasari anaufuta mbele yangu, bila neno.

Saa 12 kasoro. Seva iko sampuli ya 11. Diski imebaki na nafasi asilimia 38. Nazima skrini, nafika mlangoni, narudi kuangalia tena. Asilimia 37.