Sukari ya Mgeni

Mwaka 2012, mvua zikiwa bado zinanyesha, nilikuwa mdadisi wa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, Dodoma. Ukiisimulia kazi yenyewe, ni nyepesi. Unaiachia kaya daftari, kwa siku 28 wanaandika kila walichonunua, walichovuna na walichokula, nawe unapita kila siku ya tatu kukagua. Ugumu wake ni jua, tope, na watu wanaotaka kujua kama ukimaliza kuandika wataletewa mahindi ya msaada.

Kaya ninayoikumbuka ilikuwa ya bibi mmoja na wajukuu watatu. Mama yao alikuwa Dar es Salaam, kwa hiyo sikumwandika, maana kaya ni wanaokula chungu kimoja. Bibi hakujua kusoma. Daftari lilikuwa mikononi mwa mjukuu mkubwa, binti wa darasa la sita, aliyelifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kulichomeka juu ya kiroba cha uwele, mbali na pale paa la udongo la nyumba yao ya tembe lilipokuwa likivuja. Mwandiko wake ulikuwa safi kuliko wangu. Chumvi, 100. Kiberiti, 50. Mafuta ya taa, 200. Mlenda, fungu moja, shambani.

(Mlenda ulinitesa. Kitu kinachochumwa bure kando ya njia lazima nacho kipewe bei, na bibi alicheka mpaka akajifuta machozi nilipomuuliza angeuza fungu kwa shilingi ngapi. "Nani anunue majani, mjukuu wangu?")

Wiki ya pili niliona kitu. Robo kilo ya sukari, shilingi 500. Siku mbili hakuna. Halafu robo tena. Nikafungua kurasa za nyuma, ikawa hivyo hivyo. Nikafurahi kidogo, nikidhani nimekamata kosa la kuandika. Nikamuuliza binti kama sukari inanunuliwa kwa zamu.

Alimtazama bibi yake kwanza. "Sisi tunakunywa uji wa chumvi," akasema. "Sukari ni ya chai yako."

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu, nusu.

Inayobaki je? Inaenda wapi, robo nzima kwa kikombe kimoja? Wadogo zake wanailamba, akasema, na bibi akamkanya kwa Kigogo.

Jioni nikamweleza msimamizi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kaya nyingi za kukagua na gari lenye mafuta ya kubahatisha. "Imenunuliwa?" Imenunuliwa. "Imetumika humo ndani?" Imetumika. "Sasa?" Kwa mujibu wa maelekezo alikuwa sahihi kabisa, na mpaka leo sijui ningeweka kanuni gani nyingine.

Ziara iliyofuata nikakataa chai, nikasingizia tumbo. Bibi akanitazama muda mrefu. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema. "Wewe jembe lako ni hiyo kalamu, unalima kila ukija. Sasa anayelima asinywe chai kwangu, nina nini?" Nikanywa.

Matokeo yalipotangazwa mwaka 2013 nilikuwa nimeshahamia kazi nyingine. Asilimia 28.2 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani matumizi ya shilingi 36,482 kwa mtu mzima kwa mwezi. Watu wengi walibishana kama kiwango kimeshuka kweli. Mimi nilichukua karatasi. Katika jedwali la kubadili watu kuwa watu wazima, bibi wa zaidi ya miaka 60 anahesabiwa 0.72, na mtoto wa miaka minne 0.48. Kaya ile ya watu wanne haikufika hata watu watatu. Ziara zangu zilikuwa tisa; tisa mara 500 ni 4,500. Ukiigawa kwa hao wasiofika watatu, kila mmoja wao nilimwongezea zaidi ya shilingi 1,500 za utajiri kwa kuja kumuuliza kama ni maskini. Sijui kaya ile iliangukia upande gani wa mstari. Fomu zilikusanywa, zikaenda, na majina hayatoki.

Siku ya mwisho nilipitia dukani kwanza, nikanunua nusu kilo. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akampa binti. Binti hakuipeleka ndani. Alikuwa tayari ameshatoa daftari kwenye mfuko wake wa nailoni.

"Na hii naandika?"

Maelekezo yalikuwa wazi: zawadi huandikwa kwa thamani yake.

"Andika," nikasema.

Akaandika. Sukari, nusu kilo, zawadi, 1,000. Akapuliza wino ukauke, akafunga daftari, akaenda kubandika maji ya chai.