Nilivyosoma sheria, saikolojia na makuzi ya mtoto kwa swali moja

Kozi hizi tatu zikikaa kwenye ratiba moja, kishawishi ni kuzisoma kila moja na daftari lake. Insha yangu ya kwanza ilikuwa hivyo: kurasa za vifungu, kurasa za Jean Piaget, mwanasaikolojia wa makuzi ya fikra za mtoto, kisha aya moja ya mwisho ya kuviunganisha kwa nguvu. Kilichonitoa hapo ni kushika swali moja dogo na kuliuliza kila mahali: mtoto wa miaka tisa kutoka Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, akiletwa mahakamani kama shahidi, tunajuaje kama maneno yake yanategemewa?

Nilianza na umri, maana hapo ndipo masomo haya yanapogongana. Kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Kwa Sheria ya Ushahidi, mtoto wa umri mdogo ni yule anayeonekana hajazidi miaka 14. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 15, haimwajibishi kabisa kijinai aliye chini ya miaka 10. Aliye chini ya 12 hawajibiki mpaka ithibitike kuwa alikuwa na uwezo wa kujua kwamba hakupaswa kufanya alichofanya. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, jambo ambalo mwanaharakati Rebeca Gyumi alilipinga akashinda Mahakama Kuu 2016, na Mahakama ya Rufani ikaukazia uamuzi huo 2019. Kwa Piaget mipaka ni takriban miaka 7 na 11, tena ni ya hatua za kufikiri, haifuati cheti cha kuzaliwa.

Namba zote nilizibandika ukutani kwenye karatasi moja, na mbele ya kila moja nikaandika kazi yake. 18 ni ya haki ya kulindwa, 10 na 12 ni za lawama, 14 ni ya namna ya kumsikiliza. Usipofanya hivyo utamgeuza Piaget kuwa hakimu, uandike kwamba mtoto hajafikia fikra dhahania, yaani kuwaza mambo yasiyoshikika, na hivyo ushahidi wake haufai. Mtoto hahitaji fikra dhahania ili aseme nani aliingia chumbani.

Hukumu nilizitoa TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ni bure, tatu kwa wiki na si zaidi. Anza na sababu za rufaa, ruka hadi uamuzi, ndipo urudi kwenye maelezo ya mashahidi. Angalia mwaka kabla ya chochote. Marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya 2016 yaliondoa ule utaratibu wa zamani wa kumhoji mtoto kupima akili na uelewa wake. Sasa anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila aahidi kwanza kusema ukweli na si uongo. Ukinukuu hukumu ya 2010 kana kwamba bado ndiyo sheria, hoja yote imeanguka. Niliyoirudia mara nyingi ni Godfrey Wilson dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 168 ya 2018, kwa sababu inataja maswali mepesi ya kumwuliza mtoto: umri wake, dini yake na kama anaelewa maana ya kiapo, na kama anaahidi kusema ukweli. Pembeni ya kila kifungu andika na toleo la sheria, kwa sababu namba huhama sheria zinapofanyiwa urekebu.

Hapo ndipo saikolojia iliponiingia vizuri. Victoria Talwar, Kang Lee na wenzao walichapisha mwaka 2002 utafiti juu ya watoto wadogo: kujua kueleza uongo ni nini hakukutabiri kama mtoto atasema kweli, lakini kuahidi kulipunguza uongo. Soma hilo kando ya marekebisho ya 2016 uone yanavyozungumza. Sidai kwamba Bunge liliutegemea utafiti huo. Nasema tu kwamba insha yenye uzito huzaliwa kwenye mkutano wa namna hiyo.

Zoezi lililonifaa kuliko yote ni kuchukua mahojiano yaliyomo kwenye hukumu na kuandika upya maswali kumi. "Alikuwa na shati jekundu, siyo?" linakuwa "Hebu niambie alivyovaa." "Alikushika wapi?" linakuwa "Kisha ikawaje?" Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha mwaka 1974 kwamba hata kwa watu wazima kubadili kitenzi kimoja kwenye swali kulibadili mwendo wa gari waliokadiria. Kwa mtoto kuna jambo la ziada: ukirudia swali lilelile, anaweza kudhani jibu la kwanza lilikuwa kosa, akalibadili. Wakili wa utetezi ataita huko kujichanganya.

Lugha nayo ina mitego yake. Mtoto aliyekulia kwenye Kigogo anaweza kujibu "ndiyo" kwa heshima tu kwa sababu aliyeuliza ni mkubwa. Mtoto mdogo akisema "jana" anaweza kumaanisha siku yoyote iliyopita. Usimwulize tarehe, mwulize kama ilikuwa kabla ya kuvuna uwele au baada, mvua ilikuwa inanyesha au la, alikuwa darasa la ngapi. Na ukiandika "saa mbili", ongeza asubuhi au usiku papo hapo, kabla hajaondoka mbele yako.