Amplifaya ya hedifoni kwa mfuko mdogo
Hedifoni zangu ni Beyerdynamic DT 770 Pro, zile za omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Zipo pia za omu 32 na 80, ambazo ni rahisi zaidi kwa simu kuziendesha. Hizi nikizichomeka kwenye simu zinasikika, lakini sauti inaishia njiani, hasa kwa taarab za zamani zilizorekodiwa kwa sauti ya chini.

Kabla ya kutoa hela ya amplifaya nilikaa na kalamu. Hedifoni hizi zinatoa desibeli 96 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa miliwati moja, na kwa omu 250 miliwati hiyo inahitaji nusu volti. Volti moja inakupa desibeli 102, volti mbili 108. Yaani volti mbili zinanitosha na chenji inabaki! Zile wati zinazotangazwa kwenye maboksi hazikunihusu tena.

Basi amplifaya za mezani kama JDS Labs Atom na Schiit Magni, ambazo husifiwa kwa haki, nikaziacha. Ukishaweka usafiri na ushuru, mfuko unalia. Nikachukua adapta ya USB-C ya kuchomekea hedifoni kwenye simu, inayotoa volti mbili, ndogo kama kidole. Ile ya Apple ni ya bei nafuu zaidi, ila toleo la Ulaya hutoa nusu volti tu, na kwenye simu nyingi za Android sauti yake huwa ndogo.

Wenye hedifoni za omu 16 au 32, volti si tatizo lenu. Ulizeni ukinzani wa tundu la kutolea sauti: usizidi sehemu ya nane ya ule wa hedifoni. Besi iliyovimba mara nyingine hutokana na ukinzani huo kuzidi.